Nilivyokuwa Mkunga wa Vidukari

Nyinyi vijana mnaokuja siku hizi kwa atachimenti, mafunzo ya kazini, mnapewa koti jeupe siku ya kwanza, na kabla ya saa nne mmeshapiga picha nalo. Sina ubaya na hilo, koti ni zuri. Ila mimi nimefanya kazi ya virusi vya ngano na shayiri kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kuona kirusi hata kimoja. Ni vidogo mno kwa macho, na mashine ya kuvionyesha haikuwahi kufika kwetu Ruiru nikiwa kazini. Nilichokiona kila siku ni wadudu. Mimi nilikuwa mchungaji wa vidukari.

Kidukari mnamjua. Pindua jani la sukuma pale kwa mama mboga, utawaona wamejazana upande wa chini kama watu kwenye mazishi ya tajiri. Wale wa sukuma ni binamu. Wetu walipenda ngano, shayiri na mahindi, na mdomo wao ni kama sindano. Anaudunga kwenye mmea mgonjwa, anakunywa, halafu anaenda kunywa kwa jirani aliye mzima na kumwachia ugonjwa. Ule tulioushughulikia sisi huifanya ngano iwe ya manjano kuanzia ncha ya jani, ikabaki fupi, suke likatoka tupu. Ukinyunyiza dawa utamuua mdudu. Mmea ulioshikwa utabaki mgonjwa hivyo hivyo.

Hilo la mwisho ndilo watu hukataa kulisikia. Jirani yangu hapa Kimbo aliniita mwaka jana nione mahindi yake, yana mistari myeupe kila jani kama karatasi ya daftari. Alikuwa ameyanyunyizia dawa tatu za maduka matatu. Nikamwambia ayang'oe yale yenye mistari kabla hayajaambukiza mengine. Akaniuliza kama nina mahindi yangu mahali ambayo nataka yapate nafasi. Hajaniamkua vizuri tangu siku hiyo.

Niliingia kazi hii bila kuitafuta. Niliacha shule darasa la saba kule Bungoma, si kwa kukosa akili, ni kwamba makalio yangu hayakuelewana na benchi. Nikaja Thika. Nimekata mananasi, nimechuna ngozi, nimepakia mkate, nimechonga mawe ya kujengea. Hakuna mahali nilipomaliza mwaka. Nilikuwa nikishaelewa jinsi kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuwasha. Kwa hivyo niliposikia kwamba huko Ruiru, nyuma ya Membley, kuna watu wanaofuga wadudu kwa makusudi na wanatafuta mtu wa kumwagilia maji, nilienda kuangalia tu. Nilitaka kujua wanawalisha nini.

Aliyenipokea ni Mzee Kamande, mtu wa Gatuanyaga, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa akifuga vidukari tangu nikiwa shule. Hakuniuliza cheti. Alinipa brashi ndogo ya rangi, ile yenye nywele chache kama kope, akaniambia nihamishe kidukari mmoja kutoka jani hili hadi lile. Nikamvuta. Akaniambia nimeshamuua. Mdudu alikuwa anatembea, kwa hivyo nilidhani mzee haoni vizuri. Kesho yake alikuwa amekufa.

Siri ni hii, na kama mtasahau mengine yote mkumbuke hii. Kidukari akiwa amezamisha mdomo, usimvute. Mdomo unakatika, anakufa njaa akiwa amesimama juu ya chakula. Mguse mgongoni kwa ncha ya brashi iliyolowa maji kidogo, tena na tena, mpaka achoke nawe, auchomoe mwenyewe na aanze kutembea. Hapo ndipo unamwinua. Mzee alisema ni kama kumwondoa mgeni aliyekaa sana. Humsukumi. Unaanza kufagia.

Tulikuwa na nyumba mbili za neti. Moja ilikuwa safi: vidukari wasio na ugonjwa, juu ya shayiri isiyo na ugonjwa. Ya pili tuliiita hospitali, na humo kila kitu kilikuwa na ugonjwa kwa kupenda kwetu. Asubuhi unaanza nyumba safi. Ukishaingia hospitali, nyumba safi huioni tena mpaka kesho, baada ya kuoga na kubadilisha nguo. Na kulikuwa na sheria nyingine ambayo Mzee aliilinda kuliko zote, kwamba hakuna mtu kuvaa manjano. Kidukari mwenye mabawa akiona manjano anayafuata. Mzee aliwahi kumvua mgeni mmoja wa heshima skafu yake mlangoni, na mgeni akaingia shingo wazi.

Mwaka huo tulikuwa na kazi moja kubwa. Daktari Muthoni, mkubwa wetu, daktari wa mimea, si wa watu, alikuwa amezunguka mashamba ya ngano ya nyanda za juu misimu mitatu. Alitafuta mashamba yaliyogeuka manjano, halafu akaingia ndani kutafuta mmea mmoja mmoja uliobaki kijani katikati ya wagonjwa. Alirudi na bahasha za kaki thelathini na sita, kila moja ina mbegu za kujaza kijiko. Hakuna aliyejua kama mimea ile ilikuwa na nguvu ya kuukataa ugonjwa au ilikuwa na bahati tu ya kurukwa na wadudu. Ndiyo sababu ya jaribio. Mbegu za kila bahasha zingepandwa kwenye vyungu viwili, kimoja kipewe vidukari wagonjwa, kingine wazima, tulinganishe. Mbegu zilitosha mara moja tu. Kupanda kulikuwa Jumatatu.

Jumanne ya wiki iliyotangulia, nilifanya utafiti wangu.

Msinicheke bado. Ile sheria ya manjano ilikuwa imenisumbua kwa miezi minne. Kila mtu aliitii na hakuna aliyeniambia ni wangapi huja, kwa muda gani, au kama manjano ya ndizi ni sawa na manjano ya kifaranga. Kwa hivyo nilienda soko la mitumba la Thika nikachagua sweta la manjano, la mtu mnene, lenye nafasi. Nikaingia nalo hospitali, nikasimama katikati ya vyungu nimefungua mikono kama sanamu ya kutishia ndege. Nilisimama muda wa kuimba nyimbo tano. Halafu nikatazama kifua.

Ishirini na watatu. Niliwahesabu mara mbili. Sijui niwaelezeje furaha hiyo. Nilikuwa mtu wa darasa la saba, na nilikuwa na jibu ambalo hakuna mtu pale alikuwa amenipa. Nilitaka mtu alione kabla hawajaruka, kwa hivyo nilitoka taratibu, kifua mbele, kama ninayebeba sinia la mayai, nikaenda kumtafuta Mzee Kamande. Saa hizo Mzee huwa nyumba safi. Nikafungua mlango, nikaingia, nikaita. Hakuwemo. Alikuwa ameenda choo.

Nikatoka. Pale nje nikahesabu tena, kwa raha tu. Kumi na tisa. Nikarudia mara mbili zaidi, bado kumi na tisa.

Nilisimama pale nikifanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeifanya haraka kuliko mimi. Nikarudi ndani bila sweta kuwatafuta wale wanne. Mle ndani kulikuwa na vidukari elfu kadhaa, wote wanafanana, na wengine nao wana mabawa, maana wakijazana huota mabawa. Nilitafuta hadi jioni. Kila niliyemshuku nilimponda, na kila niliyemponda nilimwona ndugu yake pembeni ananitazama vile vile.

Jumatano sikusema kitu. Alhamisi nilifunga mkoba wangu kule Makongeni nilikopanga, nikaufungua, nikaufunga tena. Kuondoka nilikujua. Nilikuwa nimeondoka mahali pengi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini Alhamisi hiyo Daktari aliniita nimsaidie kuandika vibandiko vya vyungu, na kila bahasha aliyoifungua alinieleza ilikotoka: hii ni ya shamba karibu na mto, hii alinyeshewa akiichukua, hii mwenye shamba alikataa mpaka akamsaidia kukamua ng'ombe. Nikaona kwamba nikinyamaza, wale wagonjwa wangeambukiza shayiri, shayiri ingewaambukiza wazima, na vyungu vya pande zote mbili vingekuwa manjano sawasawa. Hangejua lolote, na bahasha zingekuwa tupu.

Ijumaa asubuhi nikamwendea Mzee katika nyumba safi.

"Mzee, humu kuna wanne."

"Wanne nini?"

"Vidukari wa hospitali."

Alikuwa na mmoja kwenye ncha ya brashi. Alimrudisha kwenye jani kwanza, akaifuta brashi, akaiweka mfukoni.

"Wako na mabawa?"

"Wako nayo."

"Na walifikaje huku?"

"Nilikuja nao kifuani." Nikamwambia juu ya sweta.

Mzee akavua miwani. "Wafula, mimi nimefanya kazi na walevi hapa. Nimefanya na mtu alikuwa analala ndani ya pipa ya mbolea. Hakuna hata mmoja alitoka akaenda sokoni akanunua nguo ya kuniharibia kazi."

Nikasema nilitaka tu kujua kama ni kweli.

"Na umejua?"

"Ni kweli. Walikuja ishirini na watatu."

Aliivaa tena miwani, akaitazama shayiri yake. "Ishirini na watatu ni wengi," akasema mwishowe. "Mimi nilipojaribu sikupitisha kumi na tano. Lakini mimi nilienda nje nikajipangusa, sikuja kuringa huku."

Twende kwa Daktari, akasema, na wewe ndiwe utaongea.

Niliongea. Daktari Muthoni hakuwa mtu wa kupiga kelele, na siku hiyo nilitamani awe. Aliniuliza kama nina hakika ni wanne. Nikasema nilihesabu mara mbili kabla ya kuingia na mara tatu baada ya kutoka. Akasema watu humletea makosa wakiyasokota kwenye maneno, na hili ndilo la kwanza kufika na hesabu yake. Kisha akauliza, katika wale elfu kadhaa, ni yupi sasa anaweza kusema ni msafi. Jibu alikuwa nalo Mzee.

"Watoto," akasema. "Mama akiwa na ugonjwa, mtoto huzaliwa bila. Anaupata akionja jani. Tukiwashika kabla hawajaonja, tunaanza upya."

Daktari alilijua hilo, bila shaka, lilikuwa vitabuni mwake. Alichotaka kujua ni nani atakayewashika. Mtoto wa kidukari akizaliwa ni kama chembe ya chumvi yenye miguu. Macho ya Mzee hayangemwona tena. Wote wawili wakanigeukia.

"Huyu hawezi kukaa," Mzee akasema. "Huyu hata chai anakunywa akitembea."

Daktari akaninyooshea bahasha moja, sijui kwa nini, labda niisikie uzito, na haikuwa na uzito wowote. "Nitaahirisha kupanda," akasema. "Lakini ukiniletea hata mmoja ameonja, hizi zimeisha. Sina pengine pa kwenda kuzitafuta."

Hivyo ndivyo nilivyogeuka mkunga. Tulisafisha stoo ya zamani kwa sabuni mpaka ukutani, tukaifunga neti mpya. Nikapewa meza, kiti, lenzi na vibakuli vya kioo vyenye karatasi iliyolowa. Unaweka akina mama watano kwenye kibakuli, pasipo jani, na unangoja. Watajifungua tu, maana kidukari hajui kuahirisha. Mtoto hutoka akitanguliza matako, anabaki amening'inia kama anayefikiria kurudi, kisha miguu inafunguka na anaanza kutafuta chakula. Hapo unamchukua kwa brashi, unabadilisha brashi, ile iliyogusa mama isiguse jani safi, unampeleka kwenye mche msafi stoo. Mama unamtia kwenye maji ya sabuni. Siku ya kwanza nilipata watatu na mgongo ulikuwa umekuwa mbao.

Mama Shiku, aliyetuletea chai na mandazi saa nne, alisimama nje ya neti akanitazama siku mbili. Ya tatu akauliza kama huyo amejifungua. Nikasema bado.

"Na baba yake ako wapi?"

"Hakuna baba. Hawa wote ni wanawake. Tena mtoto anazaliwa tayari ana mimba."

Mama Shiku akamimina chai, akafikiri. "Wamenipita," akasema. "Mimi nilifuata njia ndefu, na bado nikapata mkwe mlevi."

Nilikaa siku sita. Nasema nilikaa, na nyinyi mnaonijua mtadhani naongeza chumvi. Miguu iliwasha siku mbili za kwanza, halafu nikagundua kwamba ukitazama mama mmoja kwa muda mrefu, unamwona akitulia kabla ya uchungu, anainua nyuma kidogo, na unajua bado dakika chache. Hilo hakuna aliyenifundisha. Nikaanza kujua kibakuli kipi kitazaa kwanza. Nikasahau kwenda kunyoosha miguu. Kufikia siku ya sita nilikuwa na watoto thelathini na mmoja, na mmoja niliyemwona amekaribia jani lililodondoka kutoka kwa nguo yangu nilimuua hata kama sikuwa na hakika alionja.

Siku hiyo hiyo tulichoma kila kilichokuwa nyumba safi, shayiri na wadudu. Mzee Kamande aliwasha kiberiti mwenyewe. Alikuwa ameulisha ukoo ule miaka mingi. Moto ulipopungua aliniambia niende nikaone kama wajukuu wake wamelala.

Walizaana. Wiki nne baadaye stoo ilikuwa imejaa, lakini kujaa si usafi. Leo mna kile kikaratasi mnachochovya kwenye maji ya jani, mstari unatokea, mnaenda lanchi. Sisi mashahidi wetu walikuwa mimea. Tuliwaweka wadudu wapya juu ya vyungu kumi na viwili vya shayiri, tukangoja wiki tatu. Kila asubuhi nilipita na lenzi. Siku ya kumi na tatu nikaona manjano kwenye chungu cha tano. Nilimwita Mzee, nikanyoosha kidole.

Aliinama akalitazama jani hilo kwa muda mrefu. Ni la chini kabisa, akasema, la uzee, na manjano yanapita katikati ya jani. Ugonjwa wetu huanzia ncha na kingo, na hupenda majani ya juu. "Hii ni njaa tu," akasema. "Uliinyima mbolea ukiogopa." Akatia chembe chache za mbolea ya chumvichumvi. Wiki moja baadaye chungu cha tano kilikuwa kijani kuliko vyote. Wengi wenu mtaitwa mashambani kwa sababu ya jani la njaa. Tazameni kwanza manjano yameanzia wapi.

Daktari alipanda, kwenye ile nyumba ya neti tuliyokuwa tumeisafisha. Ngano ilipotoa majani mawili, niliweka vidukari mimi mwenyewe, kumi kila chungu, wagonjwa upande wa kushoto, wazima upande wa kulia, na pazia la neti kati yao. Baada ya siku chache tukawaua wote, tukangoja tena. Wiki ya tatu upande wa kushoto ukaanza kugeuka. Ncha, kingo, kisha jani zima. Ya tano, kushoto palikuwa pabaya kama shamba lililolaaniwa, ngano fupi, manjano, imekunjamana. Kulia palikuwa kijani kitupu, vyungu vyote, hakuna ncha iliyochafuka. Watoto wangu walikuwa wasafi.

Mzee Kamande alinishika bega akacheka mpaka miwani ikaanguka. Daktari naye alikuwa anacheka, anaenda kutoka chungu hadi chungu upande wa kulia akigusa majani kama anayehakikisha hayajapakwa rangi. Ndipo Mama Shiku akaingia na birika, akaona nusu ya nyumba imekufa na watu wazima watatu wanachekelea.

"Poleni," akasema, kwa uangalifu.

Daktari akamwambia asitupe pole, ndivyo tulivyotaka iwe. Mama Shiku hakubisha. Alipita katikati akitafuta pa kuweka vikombe, akatazama kushoto, akasimama. Kule nyuma, karibu na ukuta, nyuma ya vyungu vilivyokauka ambavyo sisi tulikuwa tumevipa mgongo tukifurahia vizima, vyungu viwili vilikuwa vimesimama wima na majani mapana.

"Na hizi mbili zenye ziko huku," akasema, "mlisahau kuzipea ugonjwa?"

Daktari Muthoni hakuitazama ngano. Alinitazama mimi.

"Wafula. Hizi uliziwekea?"

"Niliziwekea. Kumi kila moja. Niliwaona wakizamisha mdomo."

Alienda kule nyuma, akainama, akachomoa kibandiko cha chungu cha kwanza na kukisoma kwa sauti: shamba la yule mwenye ng'ombe, ukingo wa juu, mmea wa saba. Kisha akasema hiyo basi si bahati, akaketi pale pale chini kwenye changarawe, na koti lake jeupe, akikishika kile kibandiko kwa mikono miwili.

Mama Shiku akasubiri kidogo, birika mkononi. Halafu akauliza kama sasa ni pole au ni hongera, mmoja wetu amwambie, maana chai ilikuwa inapoa.